Maziwa Juu ya Mayungiyungi

Wengine wana mashamba, wengine wana vyeo. Simaloi alikuwa na ukuta, na kwa wiki tatu nzima hakuzungumza habari nyingine. Ulikuwa ukuta wa sebuleni, ule unaokukabili ukishavua viatu na kuingia, na ulibandikwa karatasi yenye mayungiyungi meupe na ya rangi ya waridi yakielea juu ya maji ya kijani, kila ua na majani yake mapana kama sinia. Ukuta wa pili, upande wa meza ya chakula, haukubandikwa kitu. Huo ulichorwa kwa mkono: bwawa zima na maua yake, na nyuma ya bwawa Mlima Meru umeketi bila wingu hata moja, jambo ambalo sisi tunaokaa hapa tunalishuhudia mara chache.

Mchoraji alikuwa fundi Abdiel, mtu wa Kikwe, baba wa watoto wanne, ambaye amechora simba na tembo kwenye kuta za shule za chekechea hadi mkono umezoea wenyewe. Yungiyungi hakuwahi kuliona. Siku ya kwanza Simaloi alirudi kazini akakuta bwawa limejaa vitu vya mviringo vya kijani.

"Fundi, hizi ni kabichi."

"Mama Brightness, kule kwetu kinachoota kwenye maji ni matete. Nitumie tena hiyo picha, nami nitarudia."

Akarudia mara tatu, masikini, na mara ya tatu yakawa maua kweli. Siku ya kukusanya brashi zake alimwachia mwenye nyumba maonyo. Ukuta uliochorwa ni rangi ya mafuta, utafutwa upendavyo. Lakini ile wolpepa aliyoichagua mwenyewe, akikataa ya plastiki kwa kuwa eti inang'aa kama kitambaa cha meza ya hoteli, ile ni karatasi tupu. "Isiguswe na maji," alisema Abdiel. "Doa likiingia, limeingia. Na ukisugua ndiyo unaimaliza kabisa." Simaloi akaitikia, na tangu siku ile hata chai watu wakawa wanainywea upande wa pili wa chumba. Hans, mumewe, muuza vipuri wa pale pale Sakina, mtaa wao hapa Arusha, alisema amejenga nyumba na sasa anaishi humo kama mgeni, lakini alisema kwa sauti ndogo.

Tusimcheke sana. Mtu hapendi ukuta hivi bila sababu, na sababu ya Simaloi ilikuwa ya zamani. Alizaliwa Oldonyosambu, kwa Waarusha wa magharibi ya mlima, katika nyumba ya udongo na samadi ambayo mama yake, Mungu amrehemu, aliikandika upya kila baada ya masika. Akafaulu, akapelekwa shule ya bweni. Wiki ya pili tu bwenini binti mmoja alisimama katikati ya vitanda akauliza kwa sauti, "Jamani, nani hapa ananuka kibuyu cha maziwa?" Bweni zima likacheka, na Simaloi naye akacheka ili asijulikane. Lakini alijulikana. Kwa miaka minne aliitwa Kibuyu. Yule anayemwona leo na suti yake ya ofisini na manukato yanayomtangulia mlangoni hajui kwamba ndani yake bado kuna msichana anayejinusa mikono.

Na sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Mzee Yiamat, baba yake, alikuwa hajakanyaga nyumba ya Simaloi tangu aolewe, miaka sita. Ugomvi haukuwa wa kabila, kwa maana watu wakisikia Mwarusha na Mchaga hukimbilia huko. Ugomvi ulikuwa simu. Simaloi alipata mimba, akaogopa, wakafunga ndoa na Hans bomani, ofisi ya mkuu wa wilaya, siku ya Jumatano, wao na mashahidi wawili, na jioni yake akampigia baba yake simu kumweleza kwamba ameolewa. Mzee mzima, mwenye ng'ombe na ukoo, anaarifiwa ndoa ya binti yake kama mtu anayearifiwa kwamba umeme umekatika. "Nimesikia," alisema, akakata. Baadaye wazee wa Hans walipanda Oldonyosambu na kila kinachotakiwa, wakapokelewa, wakanywa chai, mambo ya mahari yakaenda sawa. Lakini kuhusu kwenda Sakina mzee alisema neno moja: "Na mkwe sina ugomvi. Aliyenipigia simu ndiye sijamwelewa."

Kwa hiyo Yoeli, mdogo wake Simaloi, alipofika siku moja na ujumbe kwamba mzee atakuja siku ya kubarikiwa nyumba, Simaloi alikaa chini.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe. 'Mwambie dada yako nitakuja na maziwa.'"

Kwao hilo halihitaji tafsiri. Mzee akija na maziwa akayanyunyiza nyumbani kwako, yaliyopita yamepita. Ugomvi umekufa na hauna wa kuufufua. Asiponyunyiza, hata akila nyama yako na kucheka, bado uko nje. Simaloi alilia mbele ya mdogo wake bila kuona haya. Kisha akaenda kumsimamia Abdiel ili kuta ziishe kabla ya siku yenyewe. Alitaka baba yake azione.

Alitaka mtu wa pili pia azione, naye ni mama mkwe, Mama Agnela, mwalimu mstaafu wa Machame. Mama Agnela hakuwahi kumwambia mkwe wake neno baya hata moja, na hilo ndilo lililomtia Simaloi hofu. Nyumba yake ya Machame ilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyofumwa juu ya kila kochi, na havikuwa na doa. Simaloi alivihesabu kila walipokwenda Krismasi, akitafuta japo alama ya kikombe.

Siku ikafika, Jumamosi, saa tano asubuhi. Sebule ilijaa. Walikuwapo wanajumuiya wa mtaa, mwinjilisti na Biblia yake, majirani, na Mama Agnela kwenye kochi la mbele na kilemba chake cha bluu. Wote walisifu kuta. Mwanamke mmoja wa jumuiya alipiga picha akiwa ameegemeza kichwa kama ananusa ua, na Simaloi akamvuta kwa upole asije akaliachia mafuta ya nywele.

Mzee Yiamat aliingia na Yoeli. Alivaa koti la suti juu ya shuka nyekundu, makobazi ya tairi aliyaacha nje bila kuambiwa, na kwapani alikumbatia kibuyu kirefu kilichofungwa shanga. Simaloi alimwendea na kuinamisha kichwa, kama mtoto wa kwao anavyomsalimu baba, na baba akaweka kiganja juu yake. Miaka sita. Kiganja kilikuwa kizito na cha moto. Simaloi akawaza, basi, hata kama hatakuja tena, hiki nimekipata.

Mzee alizitazama kuta kwa muda mrefu. Watu wakasogea ili wamsikie.

"Haya maua yanaota majini?"

"Ndiyo, baba."

"Ng'ombe wanayala?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu, cha kumpenda. Simaloi naye akacheka, lakini masikio yalimpata moto na macho yakamkimbia kwenda kwa Mama Agnela. Mama Agnela alikuwa anatabasamu. Kwa nini anatabasamu? Simaloi hakupenda tabasamu lile.

"Sidhani kama wanayala, baba."

"Basi ni ya kutazama tu," alisema mzee. "Ni mazuri. Mama yako angeyapenda."

Mwinjilisti aliomba, wakaimba, akasoma zaburi. Kisha akasema, "Sasa tumpe nafasi mzee naye awabariki watoto wake kwa desturi ya nyumbani. Mungu ni mmoja." Mzee Yiamat akasimama. Alikuwa amekuja na shada la nyasi mbichi mfukoni mwa koti. Alifungua kibuyu, akachovya nyasi, na harufu ikatoka: maziwa yaliyolala, na moshi wa kijinga cha moto kilichosugua kibuyu kwa ndani. Ni harufu ya nyumbani kwao. Ilijaza sebule mara moja, na manukato yote ya Simaloi yakakimbia.

Mzee alianza mlangoni. Aliomba kwa Kimaa, sentensi fupi fupi, na kila mwisho wa sentensi alirusha nyasi na wanaojua wakaitikia, "Naai," yaani Ee Mungu. Nyumba hii ikae. "Naai." Waliomo wazeeke. "Naai." Kufikia sentensi ya nne hata Wachaga na mwinjilisti walikuwa wameshajifunza, wanaitikia kwa nguvu. Matone yakaangukia kochi, yakaangukia kichwa cha Hans aliyeinama, yakaangukia kilemba cha bluu cha Mama Agnela. Kisha mzee akageukia ukuta wa mayungiyungi, akachovya sana, akarusha.

Maziwa yalipiga ua kubwa la katikati na kuteremka juu ya maji ya kijani, mistari mitano, sita, na vipande vya mgando vikaning'inia. Simaloi akamtazama mama mkwe. Mama Agnela alikuwa amefunika pua kwa leso.

Kilichofuata hakikumchukua Simaloi hata nusu dakika. Kitambaa cha jikoni kilikuwa begani mwake tangu asubuhi. "Baba, ngoja, ngoja kidogo, hii karatasi haitaki..." alisema, na alikuwa ameshafika ukutani, anafuta. Anafuta baraka ya baba yake mbele ya baba yake, kwa kitambaa cha kukaushia masufuria. Na alivyosugua, karatasi ikalainika, ikajiviringa, na ua lote la katikati likatoka na kitambaa, likaacha saruji.

Mzee alikuwa amesema sentensi na inangoja kuitikiwa. Hakuna aliyeitikia. Mkono wake ulikuwa bado juu, nyasi zinadondosha matone kwenye zulia.

Aliushusha polepole. Alizitazama nyasi, akazikunja, akazirudisha mfukoni zikiwa zimelowa. Akafunga kibuyu.

"Samahani," alisema kwa Kiswahili.

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Mzee Yiamat akimwomba samahani mtoto wake. Yoeli aliangalia chini. Mwinjilisti alianzisha wimbo, mwinjilisti yeyote angefanya hivyo, na watu wakaupokea kwa haraka ya watu waliookolewa. Chakula kikaletwa. Mzee alikula, akasifu ndizi, akamuuliza Hans habari za biashara. Alikuwa na adabu kama mgeni asiyewajua wenyeji. Saa tisa aliaga. Simaloi alimwinamishia kichwa pale mlangoni, lakini mzee alikuwa ameshapita, anavaa makobazi, na kichwa kikabaki kimeinama peke yake.

Jioni Mama Agnela alimfuata jikoni, akachukua taulo na kuanza kukausha sahani.

"Mwanangu, kwa nini ulimzuia mzee?"

"Mama, karatasi ingeharibika. Na ile harufu... nilikuona umeziba pua, mama. Nilisikia vibaya sana."

Mama Agnela aliiweka sahani chini. "Nilikuwa nalia, Simaloi. Baba yangu alikuwa akifanya vile vile kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Anajaza mdomo, anatupulizia wote mstarini, na sisi tunapiga kelele. Ana miaka kumi na tisa kaburini. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu mzima ananinyunyizia tena." Aligusa kilemba chake pale penye doa. "Hiki sikifui."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Simaloi, na ilimshika pabaya. Alikuwa tayari kwa aibu ya ukuta, na aibu ya watu kucheka, hizo alizizoea. Hii ilikuwa nyingine. Alimfedhehesha baba yake ili kumfurahisha mtu ambaye alikuwa anafurahi tayari. Aliacha bomba likitiririka, akaenda chumbani akajifunika shuka mpaka kichwani, na binti yake Brightness alipomuuliza mama anaumwa nini, alisema tumbo.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Simu ya mzee iliita tu bila kupokelewa. Kwenye kundi la jumuiya la WhatsApp mtu aliweka picha ishirini na saba za baraka, na chini yake akaandika, "Hakika tumebarikiwa." Ya kumi na nne ilimwonyesha mzee mkono juu, watu wote wamefumba macho, na pembeni mwanamke mwenye gauni zuri na kitambaa, uso umekunjamana kama mtu anayemfukuza paka mezani. Simaloi aliitazama picha ile mara nyingi kuliko alivyoutazama ukuta. Watu waliweka alama za mikono ya sala, na hakuna aliyesema neno, na kule kutosema kulimchoma kuliko maneno. Jumatano hakwenda jumuiya. Alisema tena tumbo.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Hans alimwambia Ijumaa. "Lakini mguu unao. Kesho nakupeleka."

Walipanda na pikapu ya Hans asubuhi, Brightness katikati, na nyuma sukari, blanketi jipya na debe la mafuta, kama anavyobeba mtu aliyekosa. Njia nzima Simaloi aliyapanga maneno yake. Atapiga magoti. Hatataja karatasi, kwa kuwa karatasi ilikuwa kisingizio. Atasema kweli, na baba akitaka kumfukuza atamfukuza. Aliogopa kufukuzwa, lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba mzee angeendelea kuwa na adabu.

Nyumbani kwa mzee waliwakuta wazee watatu wameketi kwenye vigoda kando ya zizi: baba yake, jirani yake wa zamani, na laigwanani, ndiye kiongozi wanayempelekea kesi zao. Mbele yao dume la kondoo, jekundu, nono, limefungwa kamba kwenye nguzo. Yoeli alikuja kuwapokea mbio.

"Afadhali mmekuja. Kesho ndiyo tulikuwa tunakuja kwenu."

"Kuna nini?"

"Mzee kashtakiwa."

"Na nani?"

"Na yeye mwenyewe." Yoeli alishusha sauti. "Tangu Jumapili. Anasema amekuchafulia nyumba mbele ya wakwe zako. Wazee walimwambia hiyo siyo kesi, baba hamchafulii mwanawe. Akakataa. Akasema waamue au aende kwa wengine. Kwa hiyo wameamua. Huyo kondoo ni wako."

Simaloi alisimama pale na blanketi mikononi. Alikuja na kosa lake amelibeba wiki nzima, na sasa anaambiwa limeshachukuliwa na mtu mwingine.

Alisalimia, akainamisha kichwa kwa wazee wawili, wakamgusa. Baba yake hakumgusa. Mshtakiwa hamgusi mdai wake kabla ya kesi kwisha, na mzee aliifuata desturi kwa ukamilifu ule ule aliofuata kila kitu. Hans akaonyeshwa kigoda.

"Binti," alisema laigwanani kwa Kiswahili, kwa heshima ya Hans, "baba yako ametueleza. Tumemuuliza shahidi ni nani, akasema ni yeye. Tumetoza dume la kondoo. Ukishika kamba na kusema nimepokea, kesi imekwisha. Na ikiisha, haitajwi tena. Siyo na yeye, siyo na wewe, siyo kwa utani, siyo kwa kilio. Ndiyo taratibu."

Simaloi alipiga magoti kwenye vumbi la samadi, na suruali yake nzuri.

"Mzee, siwezi kupokea. Mimi ndiye niliyekosa."

"Aliyekosewa haombi radhi," alisema yule jirani. "Na ukikataa kondoo, maana yake bado una kinyongo na baba yako. Una kinyongo?"

"Hapana!"

"Basi pokea."

Alitazama kamba. Ilikuwa ni rahisi mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Angeishika tu, baba angerudi kuwa baba, ugomvi wa miaka sita ungekwisha na wa wiki moja ungekwisha, na hakuna mtu chini ya jua angemtaka aseme chochote. Lakini akishaishika, mdomo umefungwa milele. Kama ana neno, ni sasa.

"Baba," alisema. Hakutazama juu. "Haikuwa karatasi. Karatasi niliisingizia. Nilikuonea haya wewe. Wewe, na kibuyu, na ile harufu. Niliona haya mbele ya mama mkwe kwamba mimi ni wa kwenu."

Zizini ndama alikohoa. Hans alikuwa ameinama anatazama viatu vyake, na Yoeli alikuwa ameondoka kabisa, anajifanya anamfunga mbwa.

"Najua," alisema Mzee Yiamat.

Simaloi akainua uso.

"Niliyaona macho yako," alisema mzee, bila hasira, taratibu, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda kisimani. "Nilivyorusha maziwa, macho yako hayakwenda ukutani. Yalikwenda kwa mama mkwe wako. Kisha ndiyo ukakumbuka ukuta. Unadhani mimi ningetoa dume hili kwa ajili ya karatasi? Karatasi inanunuliwa. Nimekutia aibu mbele ya watu unaoishi nao. Mzazi hafanyi hivyo. Nilipaswa kuuliza kwanza mji ule unabariki vipi."

"Baba, usiseme hivyo. Nakuomba usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Shika kamba, mwanangu, jua linapanda."

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Kwao shauri lilikuwa limenyooka. Simaloi alitaka kupiga kelele kwamba limepinda, limepinda lote, kwamba hapa anayestahili kulipa analipwa, lakini kila neno la kukataa lilikuwa ni kumkataa baba yake, na hilo alishalifanya mara moja mbele ya watu arobaini. Aliinuka. Akashika kamba.

"Nimepokea," alisema.

"Imekwisha," alisema laigwanani, na akaomba ugoro kwa jirani yake.

Na ikawa imekwisha kweli, kwa wao. Mzee Yiamat alisimama mara moja, mtu mwingine kabisa, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Simaloi, akakiacha hapo. Akamwita Brightness, akamgusa naye, akamuuliza yuko darasa la ngapi na kama anajua kukamua. Akalijaribu blanketi kwenye mabega. Chai ikaja, na maziwa mengi. Mzee alicheka, akamwambia Hans kondoo yule ni mkaidi, amfunge vizuri kwenye pikapu la sivyo ataruka, Sakina yote imfukuze. Simaloi aliketi katikati ya kila alichokitaka kwa miaka sita, na chai yake akammiminia Brightness.

Saa nane waliaga. Mzee aliwasindikiza hadi kwenye gari, akakagua fundo la kamba, akalikaza. Kisha akaja dirishani upande wa Simaloi na kuweka mikono miwili kwenye mlango.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja kumalizia maziwa," alisema. "Nilibakiza sentensi tatu. Wewe utanionyesha tu pa kusimama."

Hakusema kwa kuchoma. Alisema kwa moyo mweupe, kama mgeni mwema anayeuliza aweke wapi viatu, na uso wake ulikuwa umetulia. Simaloi alitaka kumwambia asimame popote, amwage kibuyu kizima, amwage vitatu, kuta zote zibanduke zibaki tofali. Lakini nyuma ya baba yake wazee wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza, kondoo alikuwa nyuma ya gari, na jambo lile halikuwa tena na mahali pa kutajwa.

"Sawa, baba," alisema.